Nimekuja Kuuliza Godoro

Alhamisi ya kwanza nilifika Kinyasini, nikarudi.
Ya pili nilifika mpaka kwenye nguzo ya umeme,
nikavua kiatu, nikatafuta kokoto isiyokuwamo
hadi watu wakaingia wote, mlango ukarudishwa.

Ya tatu nikamuuliza mwenye duka:
"Hapa magodoro wanashona wapi?"
Akamaliza kwanza kumpimia mtu mchele,
kilo na robo, akaongeza punje za bakshishi.
"Magodoro hatushoni hapa.
Ila kama unawataka wale wa chai ya la-asiri,
ingia ujia wa fundi baiskeli, mlango wa buluu.
Juzi mmoja kaniuliza bei ya ng'ombe."

Mie ni dobi wa hoteli, Kiwengwa.
Miaka sita nafua mashuka ya watu nisiowajua,
na minne katika hiyo nimekuwa nikimaliza walichobakisha:
kidole kimoja cha hiki, viwili vya kile,
chupa iliyosahauliwa mvunguni.
Sikununua hata siku moja.
Hilo nililishika kama cheti:
Mwatima hanunui, basi Mwatima si mlevi.
Mlevi ni Shaame, alalaye baraza ya skuli,
watoto wakimruka asubuhi kama dimbwi.
Mie nilikuwa na karafuu shavuni, udi nguoni,
na harusini nilijua pa kukaa
upepo usiwapelekee watu pumzi yangu.

Mama alijua. Hakusema neno.
Ila siku moja niliponyosha mikono nimpokee mwanangu,
akamhamishia bega la pili.

Nyuma ya mlango wa buluu
mipira ya baiskeli imetundikwa ukutani,
mkeka, birika, watu tisa.
Na Shaame.
Kanyoa. Ndiye anayemimina chai.

Sikujua macho niyaweke wapi.
Alinipa kikombe kwa mikono miwili,
kwani mmoja bado unamtetemeka,
akasema, "Kaa hapo mlangoni.
Mgeni akitaka kukimbia, asimkanyage mtu."

Wakataja majina. Ilipofika zamu yangu
nikataja la dada yangu: Mtumwa.
"Karibu, Mtumwa," akasema Bi Sichana,
aliyesomesha hesabu miaka thelathini,
kisha akaendelea na kisa chake,
chupa aliyoizika ndani ya pipa la unga
na asubuhi ile mumewe alipotaka kumpikia uji.
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
halafu kicheko kikanigeukia kooni,
nikajifunika ushungi.
Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyeniambia nyamaza.
Nilisikia tu chai ikiongezwa kikombeni mwangu.

Fundi Pandu, mwenye chumba, alitaka kutueleza
habari ya mpira uliotoboka na kiraka,
wakamzomea. Kumbe huieleza kila wiki.

Leo Jumapili, chumba namba kumi na moja.
Wageni wameondoka alfajiri.
Mezani, chupa. Imebaki robo.
Jua limepita ndani yake
likaacha duara la rangi ya asali juu ya shuka.
Sitasema mkono haukuinuka.
Uliinuka, nikauona kama wa mtu mwingine,
umefika shingoni mwa chupa, una baridi.

Nikatoka ukumbini, nikamwita Zuwena.
Nikamwambia mgongo unanikata, siwezi kuinama,
akitoe yeye chumba kile.
Uongo. Mgongo wangu mzima.
Bado nasema uongo, lakini wa leo
sikuuona haya nilipoutema.

Huku uani nimeanika mashuka yake,
meupe, yanapigana na upepo,
na kibanio kimoja nimekitoa kopo la kushoto
nikakitia la kulia. Cha tatu.
Huwa sihesabu vya kesho.

Ila Alhamisi sharti niende,
nikamrudishie dada yangu jina lake.